Wameufunika Mchanga Wako

Bi Zuhura,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe bila shikamoo, na leo sina subira ya kuufundisha adabu nyingine. Nakuandikia nikiwa na hasira. Nimevumilia miezi minane, nikajiambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi yajayo yamekuja, na yana ndwele kuliko yaliyopita.

Wamekuzika mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa amri ya Mungu na hakuna wa kumlaumu. Mara hii wamekuzika kwa matofali ya saruji, hapa hapa kwenye uwanja wa chekechea yako, Timbwani, na waliofanya hivyo si maadui zako. Ni wanao wa kuzaa, wakiongozwa na Athumani, mkubwa wao. Wamefanya kwa mapenzi, ndiyo sababu nashindwa hata kuwatukana vizuri.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hasira ikitoka yote kwa pamoja husema hata yale isiyoyataka.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilitoka nyumbani Bofu kwa miguu, cheti cha ualimu kimo ndani ya bahasha, viatu vipya vya kisigino, na chati ya irabu niliyoichora mwenyewe kwa rangi nne. Msichana wa Kigiriama, mwana wa kanisa, nimekuja kuomba kazi kwa bibi wa Kiswahili ambaye Likoni nzima inamjua. Nilikukuta mchangani katikati ya watoto, buibui umelikunja mapajani, na mtoto mmoja anakumiminia chai ya mchanga ndani ya kifuu cha nazi. Nikaanza kueleza elimu yangu nikiwa wima. Ukanitazama viatu, ukasema, "Vua hivyo, mwanangu. Keti kitako." Nikaketi. Ukanipa kile kifuu, ukaniambia ninywe kabla chai haijapoa.

Baadaye niliona kwamba ulimketisha kila mtu. Baba aliyekuja kugomba kwa nini mwanawe hajui kuandika jina, ulimketisha. Afisa wa elimu mwenye suti ulimketisha, akakunja suruali yake taratibu kama anayeingia majini. Hukumruhusu mtu kusema habari za mtoto akiwa amesimama. Ulisema, "Ukisimama wamwona utosi. Keti umwone uso." Na wakishaketi hukuwahutubia. Uliwaacha wapewe ubwabwa wa mchanga, waulizwe kama chumvi imekolea, mpaka wao wenyewe wasahau walichokuja kugombea.

Na kazi ya kwanza uliyonipa haikuwa ya ubaoni. Ilikuwa chekeche. Kila Jumamosi asubuhi tulichekecha mchanga wote wa uwanja, mimi nikipakua kwa koleo, wewe ukitikisa, tukitoa vigae, miiba ya samaki, na zawadi za paka wa jirani. Mgongo uliniuma nikakuchukia kimoyomoyo. Nilidhani nimekuja kufundisha, kumbe nimeajiriwa kuwa mfagizi. Ukaniambia, bila hata kunitazama, kwamba huu ndio ubao wa mtoto, na mwalimu asiyefuta ubao wake asilalamike kwamba watoto hawasomi.

Mwaka wangu wa pili akaja Riziki. Miaka mitatu na nusu, macho makubwa, neno hata moja hana. Mamake, yule anayeuza mahamri na mbaazi karibu na njia ya kivukoni, alikunong'oneza mlangoni, anaogopa hata kulitaja, kwamba pengine mtoto ni bubu. Ulimwambia aende akauze mahamri yake. Riziki akaketi pembeni na kifuu chake. Anakijaza, anakimwaga. Anakijaza, anakimwaga. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mimi damu ilikuwa ikinichemka. Nilichukua chati yangu ya irabu nikaenda kumwinamia, "Sema a, Riziki. Sema e." Uliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Mwache! Hivyo yuwafanya kazi."

Wiki ya saba, Swaleh, yule mtundu, akapita akachota kifuu cha Riziki akitaka kukimwaga. Riziki akamshika mkono akasema, wazi kabisa, uwanja mzima ukasikia, "Wacha! Haujaiva!"

Wali wake. Haujaiva.

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Nilipogeuka ulikuwa unajifuta macho kwa ncha ya leso, na ulikasirika kuona kwamba nimekuona. Ukasema mchanga umekuingia. Jioni ile, tulipokuwa tunakusanya vifuu, ndipo uliponipa darasa ambalo chuoni hawakunipa. Kwamba mtoto yule alikuwa na maneno siku zote, alichokosa ni kitu chake mwenyewe cha kukisemea. Kwamba vidole visivyofinyanga tope havishiki kalamu. Kwamba kungoja zamu, kugawana, kushindwa na kurudi tena, yote hayo mtu huyajifunza kabla hajajua herufi, na asipoyajifunza mchangani atakuja kuyajifunza ukubwani, kwa kuumiza watu. Ulimalizia na ile kauli yako, ambayo nilishaisikia mara mia lakini siku hiyo ilinikaa: "Mtoto asocheza ni mgonjwa. Mtoto asoachwa akacheza kadhulumiwa."

Basi, Bi Zuhura, wamedhulumiwa. Na mimi nilikuwapo.

Ile wiki uliyotutoka, chekechea ilifungwa siku tatu. Mimi nilikuwa nyumbani kwako pamoja na wanawake wengine, nimejifunga mtandio wa kuazima. Jeneza lilipotoka mlangoni wanaume walilibeba wakaenda nalo, nasi tukabaki ndani tukisikia sauti zao zikipungua. Sikukuzika. Najua ndiyo desturi, na sijaja kubishana na desturi ya watu. Nakueleza tu kwamba nilirudi Bofu mikono mitupu, kama mtu aliyesindikiza mgeni akaachwa njiani.

Siku ya nne tukafungua. Watoto waliingia kimya, wakaangalia pale ulipozoea kuketi. Baada ya uji Swaleh akaanza kuchimba pale pale. Babake alikwenda naye makaburini, kwa hiyo yeye ndiye aliyejua mambo yanavyokwenda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake wenziwe walimtii. Wakachimba kishimo. Riziki akaleta kifuu, akakifunika kipande cha leso. Wakakibeba wanne, ingawa mmoja angetosha. Wakakishusha. Riziki akawa anasema, "Polepole, asiumie." Swaleh akatangaza kila mtu atie konzi tatu za mchanga, si mbili, si nne. Wakatia. Kisha wakaja kunishika mkono wakanipeleka, nami nikatia konzi zangu tatu.

Hayo ndiyo maziko yako niliyohudhuria. Sina mengine.

Walikuzika siku tisa mfululizo. Kila siku wakikufukua na kukuzika upya, na kila siku kukiwa na jambo jipya: siku moja ulikuwa na njaa, wakakuwekea ubwabwa, siku nyingine ulikataa kufa, wakakubembeleza. Kulikuwa na vicheko. Ndiyo, kulikuwa na vicheko, na kilio pia, na mtoto mmoja aliyekuwa akijikojolea tangu msiba aliacha. Nilikuwa nikiwatazama nikijua kabisa ninachokiona, kwa sababu wewe ulinifundisha kutazama. Walikuwa wanalisukuma lile jambo kubwa kidogo kidogo mpaka lienee mikononi mwao.

Siku ya tisa Athumani akaja kuchukua vitabu vyako. Akasimama mlangoni. Alisimama, Bi Zuhura! Angeketi tu, dakika moja, pengine nisingekuwa naandika barua hii. Akawaona watoto wamekizunguka kishimo, akasikia jina la mamake, akaona vicheko. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tunamfanyia marehemu mzaha. Kwamba huu ni uchuro, watoto wanaojichuria maziko wataleta msiba mwingine. Akawatawanya. Akakifukia kishimo kwa kiatu.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo lote, limejaa kinywani. Nikasema, "Samahani, Kaka Athumani."

Halafu ikaja arobaini yako. Watu walijaa, dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Baada ya kula Athumani akasimama akasema familia imeamua kukutolea sadaka jaria, kitu kitakachobaki na kukuletea thawabu kila siku. Moyo wangu ukafurahi. Nikadhani ni kisima, au misahafu. Akasema wataupanga uwanja wa chekechea matofali ya kabro, yale ya barabarani, uwe safi, wa kisasa, watoto wasirudi nyumbani na mchanga kichwani. Wazazi wakaitikia na kuchanga papo hapo, wengine wakasema ndiyo, hata akademi ya kule njia kuu wana kabro, na watoto wao wa miaka minne wanaandika mpaka hamsini. Kila mtu akawa na lake dhidi ya mchanga, ungedhani mchanga ndio uliokuua.

Nami nimeketi pale mwisho wa mkeka. Mtandio wa watu kichwani, sahani ya watu mapajani. Nikajiambia, wewe Kadzo ni nani? Si ndugu, si mkwe, si mwenzao wa dini. Sadaka ni yao wenyewe. Nikatafuna nyama. Hivyo ndivyo nilivyokutetea, mwalimu wangu. Kwa kutafuna.

Kwa wiki mbili mafundi walishindilia na kupanga. Uwanja sasa ni wa kijivu kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya mlango pamebandikwa kibao cha marumaru: Sadaka jaria kwa Marhumu Bi Zuhura. Jina lako zuri, kwa maandishi ya dhahabu, juu ya kitu ambacho ungekiona ungevua kiatu ukakirushia. Adhuhuri matofali yanawaka. Mtoto hawezi kukanyaga bila viatu. Wakikimbia wanaanguka, na safari hii hawaangukii mchanga. Nimefunga magoti mengi mwaka huu kuliko miaka yote niliyokaa nawe. Sasa Athumani, ambaye ndiye msimamizi wa chekechea tangu ututoke, ameongeza na sheria: kukimbia marufuku. Vifuu vilichomwa pamoja na takataka. Walivichoma, Bi Zuhura, vikatoa moshi mzuri wa nazi mtaa mzima, nikasimama nikanusa kama mjinga.

Ikabaki kuketi kwenye viti. Tangu saa mbili hadi saa sita, watoto wa miaka minne, mitano, wameketi. Nikimwambia mtu kwamba mtoto hakuumbwa hivyo ananiambia, "Lakini mwalimu, wametulia sana." Wametulia! Hata maji ya mtaro yametulia, na tunajua yanazaa nini.

Riziki ametulia kuliko wote. Ana miaka mitano sasa. Yule aliyekuwa mpishi mkuu, aliyekuwa akiamua nani aoe na nani aende sokoni, amerudi kuwa yule wa kifuu, ila sasa hata kifuu hana. Nikimwita jina ananiangalia tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma kuliko pote. Mwisho wa muhula Athumani akaleta mitihani. Karatasi zilizochapwa tayari, za kununuliwa. Hesabu samaki, uandike tarakimu. Zungushia duara kikubwa. Samaki wenyewe walikuwa watano. Akasema watakaoshindwa warudi nyumbani mwaka mzima mpaka wakomae, ili chekechea ipate jina. Riziki aliiangalia karatasi yake asubuhi nzima, akairudisha nyeupe. Na mimi, Bi Zuhura, mimi uliyenifundisha, nilichukua kalamu nyekundu nikamchorea sifuri, yai zima. Hakunilazimisha mtu kuichora kubwa vile. Hati ni yangu. Nikampa aipeleke nyumbani.

Jumatatu ya juma lililopita mamake alikuja na ile karatasi imefungwa kwenye pindo la leso, mahali anapofungia vitu vya maana. Riziki alikuwa nyuma yake. Akaniambia, "Nilimpiga, mwalimu. Mungu anisamehe. Nilimpiga aseme tano, na hakusema." Kisha akainua kidogo mkono wa gauni la mtoto, akaniacha nione.

Nimeandika mstari huu nikaufuta mara tatu. Mama yule hajawahi kumpiga mtoto wake. Alimpiga kwa ajili ya yai langu jekundu.

Nilitoka nje. Sikupanga chochote, naapa. Mafundi walikuwa wameacha kipande cha nondo nyuma ya choo. Nikakichukua, nikavua viatu, nikaketi kitako katikati ya uwanja wako, pale pale ulipozoea kuketi, nikaanza kuchokoa. Tofali la kwanza ni gumu, maana limebanwa na wenziwe pande zote. Nilivunja kucha mbili. Watoto walitoka darasani mmoja mmoja wakanizunguka, wala mimi sikuwarudisha. Liliponyanyuka, chini yake mchanga ulikuwepo. Ule ule tuliouchekecha, mweupe, wa baridi. Sijui nilitarajia nini, kwani mchanga ungekwenda wapi? Lakini nililia nilipouona.

Riziki alichuchumaa. Akatia kidole. Kisha akatia mkono mzima, akaanza kuchimba, na nilijua anachimba nini kabla hajafika mwisho, maana alikuwa akichimba pale pale walipokatizwa. Swaleh, bila kuambiwa, akamletea kikombe cha uji cha plastiki badala ya kifuu. Riziki akakikataa. Akaenda kwa mamake akamwomba kifuu. Kwa mdomo wake. Alisema, "Mama, nipe kifuu cha Bi Zuhura," na mama yule akakimbia hadi kwenye meza yake ya mahamri, akarudi na kifuu cha nazi aliyoikuna alfajiri ile.

Hapo ndipo lango lilipofunguka akaingia Athumani.

Alivaa shati lake jeupe la kazini bandarini. Aliona nondo, aliona tofali limelala ubavu, aliona kishimo. Akaniuliza, "Mwalimu Kadzo, umevunja sadaka ya mamangu?" Na mimi nilishafungua mdomo. Safari hii nilikuwa tayari kumwambia yote, ya utosi na uso, ya sifuri na mkono wa mtoto, ningempa mpaka yale ya pilau. Sikupata nafasi. Riziki aliinua uso akamwangalia yule mtu mzima aliyesimama juu yake, akamwambia kwa sauti yako, wallahi kwa sauti yako hasa, "Keti kitako."

Athumani hakuketi. Alisimama kama aliyeitwa kutoka mbali. Riziki akapiga matofali kwa kiganja, paa, paa, jinsi ulivyokuwa ukifanya. "Keti kitako. Tunamzika Bi Zuhura. Mshike huku."

Akaketi, Bi Zuhura. Shati jeupe na yote. Riziki akampa upande mmoja wa kifuu kilichofunikwa leso, akamwambia, "Polepole, asiumie."

Wewe unajua, na mimi nilisimuliwa, kwamba siku ile ni Athumani aliyeingia kaburini kukupokea. Yeye ndiye aliyekulaza ubavu. Walisema hakutoa chozi, walimsifu kwa hilo. Alikishusha kile kifuu kwa mikono miwili, taratibu sana, na kilipogusa chini hakukiachia. Mabega yalianza kumtikisika. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, ameinamia kishimo cha upana wa tofali moja. Riziki alimngoja. Alijua kungoja zamu ya mtu. Alipoona amekiachia akaanza kutia mchanga na kuhesabu. "Moja, mbili, tatu. Sasa wewe." Athumani akatia. "Nne, tano, sita. Sasa Mwalimu." Nikatia. "Saba, nane, tisa." Akapapasa juu ya kaburi likawa sawa. "Tisa zote," akasema. "Imetosha. Amelala."

Nikamtazama mamake Riziki. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Karatasi ya sifuri ilikuwa imemwanguka, na mtoto mmoja alikuwa ameikalia.

Usidhani mambo yaliishia pale kama hadithi. Athumani alijifuta uso, akaniuliza, akiwa bado ameketi, kwamba watu walichanga kwa nia njema mbele ya dua, sasa atawaambia nini? Sadaka ya mama iling'olewa? Na hilo ni swali la kweli, sikumcheka. Nikamwambia matofali hayatupwi. Tutayajenga baraza kando ya ukuta, pale kwenye kivuli cha mwarobaini, na kibao chako kitabandikwa hapo, na mzazi yeyote mwenye neno juu ya mtoto ataketi hapo kwanza. Itakuwa sadaka ya kukalia. Hakusema ndiyo. Alisema atafikiri, azungumze na dada zake. Kuhusu Riziki alisema abaki, na mitihani ile nisiilete tena mbele yake. Nisiilete! Ati mimi ndiye niliyeileta. Nilimeza hilo pia, lakini ni mara ya mwisho kumeza.

Jumamosi iliyofuata nilifika na nondo yangu bila kungoja jibu. Mlangoni nilikuta chekeche lako la zamani, lile lililotoboka, limetiwa wavu mpya. Hakuna aliyekuwapo, wala hakuna ujumbe. Nilikumbuka ulivyoniambia kwamba Athumani alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akikutikisia, na alikuwa akilalamika mgongo kama mimi. Lakini usinisukume kumsamehe haraka. Wavu mpya ni wavu mpya, na michubuko ya mkono wa Riziki bado ni ya manjano. Nitamsamehe zamu yake ikifika, na yangu mwenyewe iko nyuma ya yake.

Tumeng'oa kumi na moja kufikia leo. Nilikwenda kwa mamake Riziki nikamwomba radhi kwa lile yai, nikiwa nimeketi chini, si kwenye kigoda alichonipa. Riziki alinipikia. Nilimuuliza kama wali umeiva, akaonja, akafikiri, akaniambia bado kidogo.

Nakuahidi hivi, na nakuahidi kwa Mungu wako na Mungu wangu, wao watajuana: kila Jumamosi nitang'oa, awe amekubali Athumani au hajakubali, mpaka mtoto wa mwisho apate mahali pa kuketi. Nitachekecha kabla watoto hawajafika. Na yeyote atakayesimama mbele yangu aseme habari ya mtoto, hata awe nani, hata awe amenialika pilau, nitamwambia lile neno ambalo sikulisema kwenye arobaini yako.

Sasa lala, Bi Zuhura. Konzi zako tisa zimetimia, zimehesabiwa na mtu anayejua kuhesabu. Ukijigeuza, jigeuze polepole, usiumie.

Mwanafunzi wako wa mchangani,
Kadzo